Mlimuuliza Nani?



Mhariri ametuomba tuandike juu ya safari yetu ya likizo iliyopita, tulipokwenda kupanda Ol Doinyo Lengai. Tumekubali, ila hatutaandika sana juu ya kilele. Kileleni tulikaa dakika arobaini tu, tena si sote tuliofika. Tutaandika juu ya karatasi moja. Ni karatasi ya daftari la mistari, imekunjwa mara nne, ina doa la chai na vumbi la majivu, na sasa imebandikwa kwenye mlango wa chumba tunachosomea. Wanaopita huusoma mstari wa chini kabisa, ulioandikwa kwa wino mwekundu, wakauliza maana yake. Mstari huo unasema: "Hakuna atakayemwambia mwenzake atolee sadaka."

Makala hii ni jibu kwa wote waliouliza.

Kwa wasioujua mlima huo, uko kaskazini mwa Tanzania, ndani ya Bonde la Ufa, kusini mwa Ziwa Natron. Urefu wake ni mita 2,962 kutoka usawa wa bahari. Kwa Kimaasai jina lake ni Mlima wa Mungu, na Enkai, jina ambalo Wamaasai humwitia Mungu, ndilo pia jina la mvua. Ukifika kule huulizi kwa nini. Ni nchi kame, nusu jangwa: vumbi, migunga michache, mawe meusi, na joto la mchana ambalo mara nyingi hupita nyuzi 35. Wamaasai huenda kwenye mlima huo kuomba mvua na kuomba watoto.

Ni volkano hai, tena ya pekee. Hakuna volkano nyingine duniani siku hizi inayotoa lava kama yake. Lava hiyo imejaa magadi, na joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Hutoka nyeusi na nyepesi kama uji, kisha ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Ndiyo maana mgeni akiuona mlima kwa mbali hudhani una theluji. Mwezi Septemba 2007 ulilipuka kwa nguvu, milipuko ikaendelea hadi mwaka 2008, na pale juu palipokuwa pamejaa lava pakabaki shimo refu. Njiani hakuna mti wa kivuli wala chemchemi. Sehemu ya juu ina mwinuko mkali kiasi kwamba mikono hufanya kazi pamoja na miguu. Kwa hiyo watu hupanda usiku, wakafika juu alfajiri, wakashuka kabla jua halijawa kali. Ni safari ya siku moja, lakini siku hiyo huanza kabla ya saa sita usiku.

Mara ya kwanza tulikwenda miaka miwili iliyopita, tukiwa mwaka wa kwanza wa falsafa. Tulikuwa watano. Mpango wote ulifanyika mezani, kati ya ugali na maharage, kwa muda usiozidi robo saa. Mmoja alisema, "Musa alipanda, Eliya alipanda, sisi ndio tushindwe?" Tukacheka, tukachanga nauli. Ruhusa tuliomba kijumlajumla; tulisema tu kwamba tunakwenda kutembea upande wa Natron.

Gari la kukodi lilipata pancha mara mbili, tukafika chini ya mlima usiku wa manane. Mwongozaji wetu, kijana wa Kimaasai wa kijiji cha Engare Sero, alizimulika chupa zetu kwa tochi. Kila mtu alikuwa na chupa moja ya lita moja na nusu. Akauliza, "Haya ndiyo maji yote?" Tukamjibu kwamba tumezoea. Akatazama saa yake: ilikuwa saa nane na nusu. Akasema ni afadhali tulale, tupande kesho yake usiku. Tukamwambia kesho gari linarudi. Hakubishana nasi. Alijaza kidumu chake cha lita tano, akatangulia.

Tulifika kileleni saa tatu asubuhi, jua limeshapanda. Tukaimba, tukapiga picha, tukakaa kupita kiasi. Mdogo wetu, mtu wa Rungwe, aliyezaliwa kwenye mvua na migomba, aliketi chini akasema ana kizunguzungu. Mmoja wetu akamwambia, "Tolea sadaka, Frateri." Wengine tukacheka. Hatutasema aliyesema ni nani, kwa sababu sote tuliafiki.

Katikati ya kushuka maji yalikuwa yamekwisha, na jua likatukuta mahali ambapo hapakuwa na hata kichaka. Mdogo wetu akaanza kuyumba. Kisha jasho likamkauka, ngozi ikawa ya moto, akaanza kusema nasi kwa Kinyakyusa, lugha ambayo hakuna hata mmoja kati yetu wanne aliyeijua. Tuliona kwamba alikuwa anatuuliza jambo, maana alinyamaza akisubiri jibu, kisha akauliza tena. Hatukuweza kumjibu. Mwongozaji alimlaza, akamlegeza nguo, akamlowesha kichwa na shingo kwa maji aliyokuwa ameyabakiza kwenye kidumu, akamnywesha kidogokidogo. Halafu akavua shuka lake, akatuambia tulishike juu ya mgonjwa pande nne kama hema, naye akakimbia kwenda chini kutafuta maji na watu.

Tulisimama hivyo kama saa mbili, kila mmoja na ncha yake ya shuka. Tulianza rozari, lakini midomo ilikuwa mikavu, tukaishia fungu la pili. Hatukuwa na la kufanya ila kuangalia kivuli kisihame usoni pa mwenzetu. Kabla ya kupanda tulikuwa tumemwomba Mungu atulinde. Tukiwa tumeshika lile shuka tuliona kwamba Mungu alikwisha kutujibu, tena mapema, kwa kinywa cha yule kijana, saa nane na nusu usiku. Nasi tulimwambia kesho gari linarudi.

Alipona. Walikuja vijana na maji, wakambeba hadi kwenye gari. Zahanatini alitundikiwa dripu, na jioni akauliza kama kuna chai. Tulikwenda nyuma ya zahanati tukalia, kila mtu akitazama upande wake.

Tuliporudi seminarini Padre Gombera alituita ofisini. Tulikuwa tumeandaa utetezi wetu: pancha, joto, ugeni wa njia. Alitusikiliza hadi mwisho bila kutukatiza. Kisha akauliza swali moja tu: "Mlimuuliza nani?" Tukanyamaza. Akasubiri kidogo, akasema tunaweza kwenda.

Mwaka uliofuata, katika somo la maadili, tulifika kwenye fadhila ya busara. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba mtu wa busara ni mtu mwoga kidogo, anayesitasita na kupoza mambo. Mtakatifu Thomas wa Akwino hafundishi hivyo. Kwake busara ni fadhila ya utendaji: kujua hapa na sasa, kwa jambo hili, njia ipi itatufikisha kwenye lililo jema. Katika Summa Theologiae anazitaja sehemu nane zinazoikamilisha: kumbukumbu, ufahamu, utayari wa kufundishwa, wepesi wa kubaini, kufikiri kwa hoja, kuona mbele, kuangalia mazingira, na tahadhari. Mwalimu aliziandika ubaoni moja baada ya nyingine. Sisi watano tukatazamana. Hatukuwa tumekosa moja au mbili. Tulizikosa zote nane katika usiku mmoja.

Iliyotuchoma zaidi ni ya tatu, ile ya utayari wa kufundishwa. Thomas anasema mambo ya utendaji yana sura nyingi zisizo na mwisho, na mtu mmoja hawezi kuziona zote. Kwa hiyo kila mtu anahitaji kufundishwa na wengine, hasa wazee na wenye uzoefu. Mababu zetu walisema kwa maneno matatu: kuuliza si ujinga. Swali la Padre Gombera lilikuwa limebeba somo zima la wiki mbili.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili hatukulipata ubaoni. Injili inatusimulia kwamba Ibilisi alipomtaka Bwana ajirushe kutoka juu ya hekalu, hakutumia matusi, alitumia Zaburi. Nasi mlimani hatukutumia neno baya. Tulitumia neno takatifu kabisa. Tulimwambia mtu anayeugua atolee sadaka, kwa sababu tulitaka kumaliza picha zetu. Neno "sadaka" lilifunika uzembe wetu, likamfanya mgonjwa aone aibu kuugua. Wapendwa, tunaogopa kwamba siku moja tutakuwa mapadre, na neno hilo tutalikuta tena kinywani mwetu: mbele ya mama aliyechoka, mbele ya katekista asiyelipwa, mbele ya kijana anayesema hawezi tena. Ndiyo maana tumeandika.

Aliyesema turudi mlimani ni mdogo wetu mwenyewe. Alisema hataki mahali pale pabaki kuwa mahali alipobebwa. Tukakubali, kwa sharti kwamba safari hii tupange kama watu waliosoma kitu. Mpango ulituchukua miezi mitatu, jioni baada ya chakula.

Tulianza na kumbukumbu. Kila mmoja aliandika peke yake yale yaliyotokea, kisha tukasomeana. Hapo tukapata aibu mpya. Watatu kati yetu tuliandika kwamba mwenzetu alilalamika kizunguzungu wakati wa kushuka. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alikisema kileleni, kabla ya picha ya pili. Tukaitafuta picha kwenye simu: ameketi pembeni, kichwa kati ya magoti, nasi tumenyanyua mikono. Tulikuwa tumeisogeza saa ndani ya vichwa vyetu, bila kukusudia, ili tulale vizuri. Thomas ameiweka kumbukumbu mwanzoni mwa orodha yake, na sasa tunajua sababu. Huwezi kupanga safari ijayo kwa kumbukumbu iliyofanyiwa usafi.

Kisha tukauliza. Tulimpigia simu yule mwongozaji. Kwanza alicheka kwa furaha kusikia mgonjwa wake ni mzima, halafu akatufundisha karibu saa nzima, nasi tukiandika kama tuko darasani. Alisema mlima ule haupandwi kwa miguu, unapandwa kwa saa. Njia tunayoipanda iko upande wa magharibi, kwa hiyo asubuhi mlima wenyewe humkinga mtu na jua. Lakini kadiri unavyoshuka kwenda kwenye tambarare, kivuli kinakuacha. Anayechelewa kuondoka juu hukutana na jua akiwa hana maji wala nguvu. Akasema tuanze saa tano na nusu usiku, wala si zaidi. Akasema tuchague usiku wa pili au wa tatu baada ya mwezi mpevu, kwa sababu mwezi huo huwa juu usiku wa manane na kuelekea alfajiri huangaza upande wa magharibi, mahali pale hasa tunapokuwa tunapanda kwa mikono. Akasema tuvae glavu, maana mawe yanakata, na viatu vyenye kucha, maana majivu yanateleza.

Kuhusu maji alisema lita nne kwa kila mtu. Tukapiga hesabu. Mafrateri watano na waongozaji wawili, mara lita nne, ni lita 28. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo kila mtu angebeba kilo nne mgongoni kabla ya chakula. Dumu jingine la lita ishirini lingebaki garini chini ya mlima. Sista wa zahanati ya jirani na seminari alitufundisha maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Tulijaza chupa mbili za namna hiyo. Chakula kilikuwa chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, tende na ndizi.

Waongozaji wawili walizua mjadala. Malipo ya wa pili yalikuwa sawa na nauli ya mmoja wetu kurudi nyumbani. Mmoja aliuliza kama ni lazima. Mdogo wetu akajibu kwa utulivu, "Akiugua mtu na mwongozaji ni mmoja, ama wote tunashuka, ama mtu anaachwa." Tukachanga. Wiki mbili za likizo tulipalilia shamba la mahindi la jirani kwa vibarua, na fedha ikatimia.

Baada ya hapo kila mtu alieleza hali ya mwili wake mbele ya wenzake. Hii ndiyo jioni iliyokuwa ngumu kuliko zote. Tunaishi pamoja, tunasali pamoja, tunakula sahani zinazofanana, lakini hatukuwa tunajuana. Mmoja ana vidonda vya tumbo na alikuwa akivificha asionekane dhaifu mbele ya walezi. Mmoja ana goti lililoumia mpirani. Mmoja anaogopa sana urefu. Mara ya kwanza alishuka mlima ule akiwa amefumba jicho moja. Mwenzetu mrefu, mchezaji wetu wa kutegemewa, alisema yeye hana tatizo lolote. Tukaandika hivyo.

Mwisho tukaandika tahadhari. Saa moja na nusu asubuhi tunageuka, popote tulipo, hata kama kilele kiko mita hamsini mbele. Saa hiyo tuliichagua tukiwa tumekaa kwenye viti, kwa sababu tulijua kwamba kule juu tusingeweza kuichagua. Mtu akijisikia vibaya anasema papo hapo. Tunakaa dakika ishirini, anakunywa, anakula. Asipopata nafuu, anashuka pamoja na mwongozaji mmoja na mwenzake mmoja. Mdogo wetu akaomba kalamu nyekundu, akaongeza ule mstari wa chini.

Tulipompelekea Padre Gombera karatasi, aliisoma mara mbili. Akauliza tena, "Mmemuuliza nani?" Safari hii tulikuwa na majina ya kutosha. Akatabasamu, akaandika swali lake pembeni: "Nani chini anajua mnarudi saa ngapi?" Hatukuwa tumelifikiria. Tukapanga na dereva wa gari la parokia kwamba tusipoonekana kufikia saa sita mchana, aende kijijini akaite watu.

Njiani tulipitia Mto wa Mbu, kisha Engaruka, tukashuka kutazama magofu. Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kulikuwa na wakulima walioishi hapo, tangu karne ya 15 hivi hadi karne ya 18. Walijenga kuta za mawe, wakachimba mifereji, wakagawa maji ya vijito kwenye mashamba katika nchi ambayo mvua haitoshi. Tulisimama juu ya mfereji mmoja mkavu. Mtu fulani alikaa hapa akahesabu maji kabla ya kupanda mbegu. Mmoja wetu akasema, "Hawa walisoma busara kabla yetu." Bwana wetu naye alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza huketi akahesabu gharama.

Karibu na Engare Sero mwongozaji alitupeleka kuona nyayo za kale. Ziko zaidi ya 400, nyayo za watu waliotembea peku juu ya matope ya majivu yaliyotoka Ol Doinyo Lengai, maelfu ya miaka iliyopita, kisha matope yakakauka yakawa mwamba. Wataalamu waliozichunguza wametambua kundi la watu 17, wengi wao wanawake, walioelekea upande mmoja kwa mwendo unaokaribiana. Tulizitazama kwa muda mrefu. Siku hizi Kanisa linatuambia tutembee pamoja, na sisi hulisema hilo kirahisi kwenye semina. Pale chini palikuwa na watu waliofanya hivyo hasa.

Tulianza saa tano na nusu usiku, kama ilivyoandikwa. Mdogo wetu alitangulia nyuma ya mwongozaji, maana tulikubaliana kwamba mwendo wake ndio utakaokuwa mwendo wetu. Mwezi ulikuwa mweupe, na majivu chini ya miguu yalionekana kama unga uliomwagika. Kila saa tulisimama dakika tano, tukanywa hata asiyekuwa na kiu. Hakuna aliyeimba. Tulisikia pumzi zetu na mawe madogo yakiporomoka chini yetu.

Saa tisa na nusu usiku mwenzetu mrefu, yule asiyekuwa na tatizo lolote, alisimama akasema, "Ndugu zangu, kichwa kinazunguka." Hakuna aliyecheka. Tukaketi. Akanywa maji ya chumvi na sukari, akatapika, akanywa tena. Dakika ishirini zilipita. Alitaka kusimama, magoti yakakataa. Akaanza kusema kwamba anaweza, asituharibie safari. Mwongozaji akamwangalia, kisha akatuangalia sisi. Karatasi ilikuwa mfukoni, lakini hatukuhitaji kuitoa. Kila mtu aliijua kwa moyo.

Swali lilikuwa moja tu: nani atashuka naye? Hilo hatukuwa tumeliandika. Kabla hatujaanza kutazamana, mdogo wetu alikuwa amekwisha kuuvua mkoba wa mgonjwa na kuuvaa tumboni. Akasema, "Mimi njia hii ya kushuka naifahamu."

Tulijua alivyoutaka mlima ule. Tulijua ni yeye aliyetuleta. Tungemzuia, lakini alikwisha kumshika mwenzake mkono. Wakaondoka na mwongozaji wa pili, na sisi watatu tuliobaki tukaziona taa zao tatu zikishuka polepole, zikisimama, zikishuka tena.

Tulifika juu saa kumi na mbili na robo. Kulikuwa na baridi na harufu ya kiberiti. Kulipopambazuka, Ziwa Natron lilikuwa limelala upande wa kaskazini, mlima Gelai mashariki yake, na Kerimasi nyuma yetu upande wa kusini. Shimo la volkano lilikuwa likitoa moshi. Tulisali Masifu ya Asubuhi kwa sauti ndogo. Hatukupiga picha ya kunyanyua mikono. Kabla ya saa moja kamili tulianza kushuka, nusu saa na zaidi kabla ya muda wetu wa kugeuka, na kivuli cha mlima kikatusindikiza sehemu kubwa ya njia. Jua lilipotupata tulikuwa na maji bado. Hakuna kilichotokea. Tunalisema hilo kwa shukrani, ingawa tunajua linafanya hadithi iwe fupi.

Njia nzima tulikuwa tukifikiri juu ya sadaka. Mara ya kwanza tulimtolea sadaka mtu mwingine: mwili wake, kiu yake, hatari yake, nasi tukabaki na picha. Mara ya pili mtu alitoa kilicho chake, bila kuambiwa na yeyote, hata bila kulitaja jina lake. Kati ya mambo hayo mawili kuna umbali mkubwa kuliko mlima wenyewe. Na tunaamini kwamba mpango ndio uliompa nafasi ya kutoa. Kama tusingekuwa na mwongozaji wa pili, na maji ya akiba, na kanuni ya dakika ishirini, asingekuwa na sadaka ya kutoa. Tungekuwa na ajali nyingine tu. Eliya alipokuwa amechoka jangwani, chini ya mti, malaika hakuanza na maneno makubwa. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Safari ya kwenda mlima wa Mungu ilifuata baadaye.

Basi ninyi mnaopanga hija za parokia, safari za WAWATA, kambi za vijana na matembezi ya utoto mtakatifu, tunawaomba jambo dogo. Salini kwanza. Kisha hesabuni maji. Kisha mwulizeni mtu anayeijua njia, hata kama hana cheo wala shule. Na mtoto au mzee akisema amechoka, mwaminini.

Tulifika chini saa nne na robo. Dereva alikuwa ameegesha gari kwenye mgunga, na chai ilikuwa tayari jikoni, kwenye mafiga matatu. Mwenzetu mrefu alikuwa amelala usingizi mzito, rangi imemrudi. Mdogo wetu alikuwa ameketi kando yake akimenya yai. Juu yao palikuwa na shuka la mwongozaji, limefungwa ncha zake nne kwenye matawi ya mgunga, na kivuli chake kilitosha watu wote wawili. Tukatua mizigo, tukaingia nasi chini yake. Safari hii hapakuwa na mtu aliyelazimika kulishika.